Fuvu Halitanuki: Upasuaji wa Kupunguza Shinikizo la Ubongo na Thamani ya Saa za Mwanzo kwa Majeruhi wa Ajali

Korogwe, Tanga

Kata ya Kilole ni sehemu ya Halmashauri ya Mji Korogwe, mji unaopitiwa na barabara kuu itokayo Segera kwenda Moshi na Arusha, na unaounganishwa na Handeni kwa barabara ya lami yenye urefu wa kilomita 65. Barabara hizo zimerahisisha usafiri na biashara, na pikipiki za bodaboda zimewafikisha wananchi katika mashamba, masoko na vituo vya afya ambavyo zamani vilifikiwa kwa miguu. Hata hivyo, pamoja na neema hiyo zimekuja ajali, na miongoni mwa majeraha yatokanayo na ajali, jeraha la kichwa ndilo linalohitaji uamuzi wa haraka kuliko mengi mengine.

Wananchi wengi wamewahi kusikia kwamba majeruhi fulani "amefanyiwa upasuaji wa kichwa" au "ameondolewa mfupa wa fuvu", lakini si wote wanaofahamu sababu ya upasuaji huo, namna unavyofanyika na kile unachoweza au usichoweza kukifanya. Makala haya yanaeleza mambo hayo, na yanaonesha kwa nini muda unaopita kati ya eneo la ajali na meza ya upasuaji una uzito mkubwa katika kuokoa maisha.

Nafasi isiyoongezeka

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takribani gramu 1,400. Ndani ya fuvu, ubongo huo unashirikiana nafasi na vitu viwili vingine: damu iliyomo katika mishipa, na majimaji maalumu yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo, ambayo kwa mtu mzima yanafikia mililita 150 hivi. Fuvu la mtu mzima ni mfupa uliofungamana pande zote, hivyo nafasi iliyomo ndani yake haiongezeki. Mtoto mchanga, ambaye utosi wake haujafunga, ana nafuu ndogo katika jambo hili; mtu mzima hana.

Kanuni hiyo ilielezwa na tabibu wa Scotland, Alexander Monro, mwaka 1783, na kuendelezwa na George Kellie mwaka 1824. Kwa ufupi, kitu kimoja kikiongezeka ndani ya fuvu, kingine hakina budi kupungua. Mishipa ikipasuka na damu kukusanyika, au ubongo ukivimba kwa sababu ya mshtuko, mwili huanza kujihami kwa kuyasukuma majimaji kuelekea uti wa mgongo na kutoa sehemu ya damu iliyomo katika mishipa ya vena. Kwa muda fulani majeruhi anaweza kuonekana yu salama. Uwezo huo wa kujihami ukiisha, ongezeko la vijiko vichache tu vya damu hupandisha shinikizo kwa ghafla.

Kwa kawaida, shinikizo ndani ya fuvu la mtu mzima aliyelala huwa kati ya milimita 5 na 15 za zebaki. Miongozo ya kimataifa iliyotolewa mwaka 2016 inaelekeza kuwa shinikizo linalozidi milimita 22 litibiwe, kwa kuwa likiachwa huzuia damu safi kufika kwenye ubongo. Ubongo uliokosa damu huvimba zaidi, na uvimbe huo huongeza shinikizo jingine. Hatua ya mwisho ya mzunguko huo ni ubongo kusukumwa kuelekea tundu lililo chini ya fuvu, mahali lilipo shina la ubongo linaloongoza upumuaji na mapigo ya moyo.

Kwa sababu hiyo, wataalamu hutofautisha majeraha mawili katika ajali moja. La kwanza hutokea papo hapo kichwa kinapogonga lami, na hakuna upasuaji unaoweza kulifuta. La pili hujengeka kwa saa na siku zinazofuata kutokana na shinikizo, upungufu wa hewa na upungufu wa damu. Hilo la pili ndilo linaloweza kuzuiwa, na ndilo lengo la matibabu yote yanayoelezwa hapa.

Aliyezinduka si lazima awe amepona

Dalili moja imewagharimu watu wengi maisha kwa sababu inafanana na nafuu. Mfupa wa fuvu katika sehemu ya panja ni mwembamba, na kwa ndani yake hupita mshipa wa ateri. Pigo la panja linaweza kuvunja mfupa huo na kuchana mshipa, na damu ikaanza kukusanyika kati ya fuvu na utando mgumu unaoufunika ubongo. Majeruhi hupoteza fahamu kwa muda mfupi, kisha huzinduka, akazungumza, akatambua ndugu zake, na pengine akasisitiza kurudishwa nyumbani. Saa chache baadaye huanza kuumwa sana na kichwa, hutapika, husinzia, na hatimaye haamki.

Usingizi wa aina hiyo si wa uchovu. Ni ishara kwamba nafasi ndani ya fuvu imekwisha. Dalili nyingine za hatari ni kutapika mara kwa mara, degedege, kuchanganyikiwa, udhaifu wa mkono au mguu wa upande mmoja, damu au majimaji meupe kutoka puani au masikioni, na mboni ya jicho moja kuwa pana kuliko nyingine. Shinikizo la damu likipanda huku mapigo ya moyo yakipungua na upumuaji ukivurugika, majeruhi amefikia hatua ya hatari kubwa.

Wazee wana hatari ya namna yake. Ubongo hupungua ukubwa kadiri umri unavyoongezeka, na mishipa midogo inayounganisha ubongo na utando wake huvutika. Mzee anaweza kuteleza bafuni, akaonekana hana jeraha, na damu ikavuja polepole kwa wiki kadhaa. Kusahau, kuyumba anapotembea au kubadilika tabia kunakoanza wiki chache baada ya kuanguka kusichukuliwe kuwa ni uzee wala kuhusishwa na imani za kishirikina kabla ya kipimo. Hali hiyo ni miongoni mwa zile zinazotibika vizuri kwa upasuaji mdogo.

Njia ya rufaa kutoka Korogwe

Jeraha la kichwa hupimwa kwanza bila mashine. Mwaka 1974, Graham Teasdale na Bryan Jennett wa Glasgow walitoa kipimo kinachoangalia mambo matatu: majeruhi anavyofungua macho, anavyozungumza na anavyoitikia kwa viungo. Alama za juu ni 15 na za chini ni 3. Mwenye alama 13 hadi 15 huhesabiwa kuwa na jeraha dogo, 9 hadi 12 jeraha la wastani, na 8 au chini yake jeraha kubwa. Kipimo hicho kinaweza kufanywa na mtoa huduma katika zahanati kama kinavyofanywa na daktari bingwa, na thamani yake kubwa ni katika kurudiwa: alama zinazoshuka kutoka 14 hadi 11 katika saa moja zinatosha kumharakisha majeruhi kwenda ngazi ya juu.

Kwa mkazi wa Kilole, ngazi ya karibu ni Hospitali ya Magunga iliyopo mjini Korogwe. Kutoka hapo rufaa huelekea Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Tanga, Bombo, umbali wa takribani kilomita 100. Kwa matibabu ya kibingwa zaidi, majeruhi huweza kupelekwa Taasisi ya Tiba ya Mifupa, Ubongo, Mgongo na Mishipa ya Fahamu Muhimbili (MOI), iliyoanzishwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 1996, jijini Dar es Salaam, umbali wa karibu kilomita 300, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya KCMC iliyopo Moshi.

Uzito wa njia hiyo ulionekana usiku wa Februari 3, 2023, basi dogo lililokuwa likisafirisha waombolezaji na mwili wa marehemu kutoka Dar es Salaam kwenda mkoani Kilimanjaro lilipogongana na lori eneo la Magila Gereza, wilayani Korogwe. Taarifa ya kwanza ilieleza kuwa watu 17 walipoteza maisha, idadi iliyoongezeka baadaye, na majeruhi walihudumiwa katika hospitali za Magunga na Bombo.

Kipimo kinachoamua kama upasuaji unahitajika ni CT scan, ambayo huonesha ndani ya dakika chache damu ilipo, kiasi chake na kama ubongo umesukumwa kutoka mahali pake. Kwa miaka mingi kipimo hicho kilipatikana katika hospitali chache za kitaifa na kikanda. Kupitia mpango wa mapambano dhidi ya UVIKO-19 uliogharimu shilingi trilioni 1.3, Serikali ilinunua mashine za CT scan kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa, hatua iliyosogeza uamuzi wa upasuaji karibu na mahali ajali zinapotokea.

Kabla ya upasuaji, yapo yanayofanyika njiani na hospitalini: kuhakikisha njia ya hewa iko wazi, kumpa majeruhi oksijeni, kuzuia shinikizo la damu lisishuke, kuinua kichwa kwa nyuzi 30 hivi, na kutoa dawa za kupunguza uvimbe kama manitoli au maji ya chumvi yenye nguvu. Zipo pia dawa zilizoachwa kwa ushahidi. Utafiti wa kimataifa uliohusisha majeruhi zaidi ya 10,000, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2004, ulibaini kuwa dawa za jamii ya steroidi, zilizokuwa zikitumiwa kwa miaka mingi, ziliongeza vifo badala ya kuvipunguza.

Njia nne za upasuaji

Daktari wa upasuaji huchagua njia kulingana na kile kinachosababisha shinikizo.

Njia ya kwanza ni kutoboa tundu dogo kwenye fuvu kwa kekee maalumu ya upasuaji. Damu iliyokaa kwa wiki kadhaa huwa imeyeyuka na kuwa majimaji, hivyo tundu moja au mawili hutosha kuitoa. Hii ndiyo njia inayowafaa wazee waliotajwa hapo juu. Damu mbichi iliyoganda haitoki vizuri kwa tundu dogo, ingawa katika dharura tundu hilo linaweza kupunguza shinikizo majeruhi akisubiri upasuaji kamili.

Njia ya pili ni kufungua fuvu kwa kukata dirisha la mfupa, kuondoa bonge la damu, kufunga mshipa unaovuja, na kisha kurudisha mfupa mahali pake. Miongozo ya kimataifa inaelekeza kuwa damu iliyokusanyika kati ya fuvu na utando mgumu iondolewe ikizidi mililita 30, sawa na vijiko vikubwa viwili, bila kujali majeruhi ana alama ngapi za fahamu. Damu mbichi iliyo chini ya utando huo huondolewa ikiwa na unene unaozidi milimita 10, au ikiwa imeusukuma ubongo zaidi ya milimita 5 kutoka katikati.

Njia ya tatu ni kupitisha mrija mwembamba hadi katika vyumba vya majimaji vilivyo ndani ya ubongo na kuyatoa kidogo kidogo. Mrija huo hupunguza shinikizo na wakati huohuo huweza kulipima. Hitaji lake kubwa ni usafi na uangalizi wa karibu, kwa kuwa maambukizi yanaweza kupenya kupitia hapo.

Njia ya nne ni kuondoa kipande kikubwa cha fuvu na kutokirudisha kwa wakati huo, ili ubongo uliovimba upate mahali pa kupanukia. Inapofanywa upande mmoja wa kichwa, inapendekezwa kipande hicho kisipungue sentimita 12 kwa 15, kwa sababu dirisha dogo linaweza kuubana ubongo unaojitokeza na kuuumiza. Utando mgumu hupanuliwa, ngozi hushonwa, na mfupa huhifadhiwa kwenye jokofu lenye baridi kali au chini ya ngozi ya tumbo la mgonjwa mwenyewe hadi siku ya kurudishwa.

Upasuaji huokoa maisha, haurudishi kilichoharibika

Njia hiyo ya nne ndiyo inayohitaji maelezo ya kina zaidi kwa familia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliohusisha majeruhi 155, ulionesha kuwa kuondoa mfupa wa mbele wa fuvu mapema kwa ubongo uliovimba kote kulipunguza shinikizo, lakini baada ya miezi sita waliofanyiwa upasuaji hawakuwa na hali nzuri kuliko waliotibiwa kwa dawa. Wengi wao walikuwa na hali mbaya zaidi.

Utafiti mwingine wa mwaka 2016 ulihusisha majeruhi 408 ambao shinikizo lao lilibaki juu ya milimita 25 licha ya matibabu. Baada ya miezi sita, asilimia 26.9 ya waliofanyiwa upasuaji walikuwa wamefariki, ikilinganishwa na asilimia 48.9 ya waliotibiwa kwa dawa. Hata hivyo, walionusurika bila kurudiwa na fahamu walikuwa asilimia 8.5 katika kundi la upasuaji na asilimia 2.1 katika kundi la dawa. Kwa maneno mengine, upasuaji uliokoa maisha ya wengi, na miongoni mwa waliookolewa wapo waliorejea kujitegemea na wapo waliobaki wakihitaji kuhudumiwa kwa kila jambo.

Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti uliolinganisha kurudisha mfupa na kuuacha nje kwa majeruhi 450 wenye damu mbichi chini ya utando. Matokeo baada ya mwaka mmoja yalikaribiana, huku walioachwa bila mfupa wakipata matatizo zaidi ya kidonda. Fundisho lake ni kwamba kama ubongo haujavimba kiasi cha kuzuia mfupa kurudi, kuurudisha mara moja kunaweza kuwa uamuzi bora.

Kwa misingi hiyo, ndugu wanaoombwa kutia saini ya ridhaa wana haki ya kuuliza maswali matatu: shinikizo linasababishwa na nini, upasuaji unatarajiwa kuzuia nini, na mgonjwa anatazamiwa kuwa katika hali gani akinusurika. Majibu ya maswali hayo hayapaswi kuchukua muda mrefu, kwa kuwa kuchelewa nako ni uamuzi, na mara nyingi huwa ndio mbaya kuliko yote.

Utaalamu unaoweza kusogezwa

Dhana kwamba upasuaji wa kichwa ni jambo geni Afrika Mashariki si sahihi. Miongoni mwa Abagusii wa Kenya walikuwapo waganga waliojulikana kama ababari, waliofungua ngozi ya kichwa na kukwangua mfupa wa fuvu kwa watu waliosumbuliwa na maumivu ya kichwa baada ya kupigwa au kuanguka. Madaktari wa karne ya 20 waliandika kwa kina kuhusu kazi yao. Barani Ulaya, Theodor Kocher alipendekeza kufungua fuvu ili kupunguza shinikizo mwaka 1901, na Harvey Cushing wa Marekani akaeleza njia yake mwaka 1908. Tofauti ya leo ni kipimo kinachoonesha mahali pa kufungua, dawa ya usingizi, usafi wa chumba cha upasuaji na damu salama. Bila hivyo, kufungua fuvu ni hatari isiyokubalika.

Hapa nchini, mfano wa Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, umezungumzwa sana. Kuanzia mwaka 2006, bingwa wa upasuaji wa ubongo kutoka Marekani, Dilan Ellegala, alimfundisha daktari msaidizi wa hospitali hiyo upasuaji wa msingi wa ubongo, naye akaendelea kuufanya. Mfano huo ulionesha kuwa baadhi ya upasuaji wa kuokoa maisha unaweza kufundishwa kwa watumishi walio karibu na wananchi, mradi wapate usimamizi na vifaa.

Vilevile, ukosefu wa mashine ya kupima shinikizo ndani ya fuvu si sababu ya kukata tamaa. Utafiti uliofanyika Bolivia na Ecuador, wenye majeruhi 324, uliochapishwa mwaka 2012, ulionesha kuwa uangalizi makini wa dalili pamoja na CT scan zilizorudiwa ulitoa matokeo yanayokaribiana na ya wagonjwa waliowekewa kifaa cha kupima shinikizo.

Baada ya upasuaji

Mgonjwa aliyeondolewa mfupa huishi kwa wiki au miezi akiwa na sehemu laini kichwani, hivyo anapaswa kulindwa dhidi ya kuanguka na asilalie upande huo. Mfupa hurudishwa uvimbe ukishaisha na kidonda kikiwa hakina maambukizi. Ukiwa umeharibika, kipande cha kutengenezwa hutumika. Mazoezi ya viungo na ya usemi yaanze mapema. Familia nayo ielezwe kwamba hasira za ghafla, usahaulifu na uchovu ni sehemu ya jeraha, wala si ukorofi wa mgonjwa.

Wajibu wa kila mwananchi

Wananchi wanashauriwa kwamba yeyote aliyepoteza fahamu baada ya ajali, hata kwa dakika moja, apelekwe hospitalini na awe chini ya uangalizi hata kama amezinduka na anazungumza. Majeruhi asiketishwe katikati ya watu wawili juu ya pikipiki. Alazwe kwa kunyooka, shingo na kichwa vikiwa vimetulizwa. Kama anatapika, ageuzwe ubavu mwili mzima kwa pamoja. Asipewe pombe, chakula wala dawa za usingizi. Saa ya ajali na saa aliyopoteza fahamu zikumbukwe na kuelezwa kwa mtoa huduma, kwa sababu taarifa hiyo humsaidia daktari kuamua.

Juu ya yote, kinga ina nguvu kuliko upasuaji wowote. Uchambuzi wa tafiti nyingi umeonesha kuwa kofia ngumu hupunguza hatari ya jeraha la kichwa kwa mwendesha pikipiki kwa takribani asilimia 69, na hatari ya kifo kwa takribani asilimia 42. Sheria ya Usalama Barabarani inamtaka mwendesha pikipiki kuvaa kofia hiyo. Kofia iliyoning'inizwa kwenye usukani, au iliyovaliwa bila kufungwa kidevuni, haina msaada wowote kichwa kinapofika kwenye lami. Kwa dereva wa bodaboda wa Kilole na abiria wake, kufunga mkanda wa kofia kabla ya kuondoka huchukua sekunde chache, wakati kutoka Korogwe hadi Bombo ni kilomita 100.